Barua kwa Mpwa Wangu Mwenye Kazi Nyingi

Makere, Kasulu

Mpwa wangu mpenzi,

Huku Makere mvua zimenyesha vizuri na mama yako yuko kwenye palizi ya maharage tangu alfajiri. Nakujibu lile uliloniambia kwenye simu kutoka huko mjini: kwamba umechoka, hujui tena kama wewe ni mchoraji wa vibao, mpiga video za harusi au mwandishi wa maigizo ya kwaya, na ndugu hawaachi kukukumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Methali hiyo ni ya kweli. Lakini inamsema anayezikimbilia mbili kwa wakati mmoja. Wewe unaandika kibao leo, Jumamosi unapiga video, usiku unatunga. Hilo wakubwa wamelifanya kabla yako.

Mtazame Shaaban Robert. Aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akapita idara nyingine za serikali, na hakungoja kuuacha ukarani ndipo awe mwandishi. Alitunga mashairi, insha na riwaya, akaandika pia wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji aliyewahi kutembeza vyungu akiviuza Unguja kabla sauti yake haijanaswa kwenye santuri mwaka 1928. Soma popote katika maandishi ya Shaaban, utakuta anahangaikia jambo lilelile: utu na haki. Aina za kazi zilikuwa nyingi, shabaha ilikuwa moja.

Mtazame na Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akatumikia majumbani Dar es Salaam, akapiga muziki, akaajiriwa Hospitali ya Muhimbili. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, basi. Picha zake zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alichora miaka minne tu, lakini ndugu na vijana aliowafundisha waliendelea, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Angeihesabu miaka ya mkonge kuwa hasara, huenda asingeshika brashi akiwa na miaka 36.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi. Kwenye kibao cha duka la hapa kwetu, chini ya jina, ulichora mche wa sabuni, wembe na pampu ya baiskeli, ili bibi asiyejua kusoma, na Mrundi aliyekuja gulioni kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wajue cha kuulizia. Kwenye video ya harusi ya binamu yako, watu wote walimkodolea macho bibi harusi. Wewe ulitulia na nyanya yake aliyekuwa akimfunga kitenge mjukuu kabla hawajatoka nje. Na katika igizo lako la Krismasi, maneno mazito kuliko yote ulimpa mlinzi wa getini. Mara zote tatu umemwona mtu ambaye wengine wanampita. Hiyo ndiyo kazi yako, mwanangu. Brashi, kamera na kalamu ni vyombo vyake. Ukilishika hilo, utajua pia kazi ipi uikatae hata ikiwa na hela.

Kuhusu hamu ya kazi, usiingoje. Mara nyingi huja mtu akiwa ameshaanza. Asubuhi, kabla hujawasha simu na kuona mafanikio ya watu wa Dar, kaa na kazi moja mpaka uone imesogea. Wale wa Dar wanaonyesha siku zao nzuri tu, nawe unazipima na siku zako mbaya. Si haki.

Na kuna uchovu usioponywa na nasaha, nao ni wa kufanya kazi bila kulipwa. Patana bei mapema, chukua nusu kabla ya kuanza, andikishaneni hata kama mteja ni jirani au ndugu wa kanisani. Anayekuheshimu hatakasirika. Jumapili jioni pumzika. Usikubali harusi wala mazoezi.

Mwisho, usianze kitu kipya mwezi huu. Igizo la Pasaka lina sehemu moja iliyobaki. Limalize, uwape wanakwaya walisome, ndipo ushike kibao kinachofuata. Kazi iliyokamilika itakupa nguvu ambayo maneno yangu hayawezi kukupa. Nami Pasaka nitapanda gari nije kulitazama.

Mungu akulinde.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.