Ruhusa ya Printa si Ruhusa ya Siri

Tangu niseme hapa kwamba niliacha chuo, swali ni lile lile: "Bila digrii, kazi ya IT ulipataje?" Jibu ni fupi. Karo ilikwama mwaka wa pili, nikaomba kazi kwa ofisi moja hapa Nairobi, wakanipa mkataba, hedifoni na kiti kinachoyumba. Kazi ilikuwa kusaidia watu wa matawi mengine wakiwa huko, mimi nikiwa hapa. Mtu wa Nakuru akisema mashini imekataa, naingia kwa kompyuta yake kupitia mtandao na mausi yake inatii mkono wangu.

Kile sijawahi kueleza ni kwamba sehemu ya kompyuta ndiyo ilikuwa rahisi. Leo wacha niseme ile ngumu.

Tuanze na rahisi. Njia za kuingia ni mbili kubwa. Kuna Remote Desktop ya Windows: ukiingia nayo kwa kompyuta ya kawaida ya ofisi, skrini ya mwenyewe inajifunga, yeye anabaki akiangalia ukurasa wa paswadi. Tena lazima mashini yake iwe na Windows Pro, ile ya Home haikubali kupokea mgeni hivyo. Halafu kuna programu kama AnyDesk, TeamViewer na Quick Assist. Hapo kunapita namba kati yenu, mwenyewe anabonyeza kukubali, na mnaangalia skrini moja wote wawili. Mimi nilitumia hii ya pili karibu kila siku.

Aliyenifunza tulimwita Mkubwa. Jamaa wa miaka arobaini hivi, chai bila sukari, maneno machache. Mimi aliniita kijana wangu.

Somo lake la kwanza halikuwa na kompyuta ndani. Alisema usimuulize mtu "umefanya nini?" Hilo ni swali la polisi, na mtu akiulizwa hivyo anaficha. Uliza "unaona nini sasa hivi?" Mama wa uhasibu akikwambia kompyuta imekufa, anaweza kumaanisha vitu vitano, na kimoja ni swichi ya skrini tu.

La pili: watu hawadanganyi wakisema wamezima na kuwasha. Ni kwamba tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows inahifadhi sehemu ya hali yake kwa diski ndiyo iwake haraka kesho, na shida ya jana inaweza kuamka nayo. Ukibonyeza Restart, inaanza upya kabisa. Hiyo tofauti peke yake ilinifungia tiketi nyingi kuliko ujuzi wowote.

La tatu: ukiona anwani ya mashini inaanza na 169.254, acha kuhangaika na brauza. Hiyo mashini iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Angalia waya, angalia ruta.

Na ujue mwisho wa mkono wako. Stima ikipotea kule, huna mlango wa kuingilia. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, vile sasisho baya la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani? Nyingi zilikuwa zinakwama kabla hazijawaka vizuri, kwa hivyo mtu ilibidi aende kwa miguu, mashini moja baada ya nyingine. Kama hakuna mtu mzuri upande ule wa simu, wewe si kitu.

Lakini sheria ambayo Mkubwa hakuwa anacheza nayo ni hii. Kabla hujaingia, sema: "Tafadhali funga kila kitu ambacho hutaki nione, nasubiri." Halafu usubiri kweli, uhesabu hadi kumi. Ukishaingia, tangaza kila hatua kabla ya kusogeza mausi. "Nafungua mipangilio ya printa sasa, sawa?" Alikuwa ananiambia, "Hapo ni kwa mtu, kijana wangu. Umeitiwa bomba, usiende chumba cha kulala."

Sasa ile ngumu.

Siku moja ikaja tiketi ya HR. Faili haichapishwi. Nikamwambia madam afunge vitu vyake, akasema amefunga. Nikaingia. Kumbe faili lenyewe linalokataa ndilo lilikuwa wazi, na ni hilo tu angebaki nalo. Orodha ya watu saba wanaoachishwa kazi. Mkubwa alikuwa wa tatu.

Madam alinyamaza kwa simu. Mimi pia. Kazi zilikuwa zimekwama kwa foleni, nikasimamisha Print Spooler, nikaiwasha tena. Nikasikia karatasi zinatoka. Mimi ndiye niliyeichapisha hiyo orodha.

Mkubwa alikuwa amekaa mita moja na nusu kutoka kwangu. Na wiki hiyo hadithi yake ilikuwa moja: ploti Joska. Ijumaa alikuwa anaenda kutia sahihi mkopo wa sacco.

Hapo ndipo mtajua kama mnataka hii kazi. Sikumwambia. Nilipanda ghorofa ya juu, nikamwambia madam, "Niliona, na sitasema. Lakini kuna mtu kwa hiyo orodha anachukua mkopo Ijumaa. Tafadhali waambieni kabla." Akaniangalia muda mrefu. "Nimekusikia," akasema. "Barua zitatoka tarehe iliyopangwa."

Ijumaa Mkubwa akatia sahihi. Jumatano iliyofuata barua zikatoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa hivyo hakuondoka siku hiyo. Alisoma barua, akaikunja, akafungua orodha ya tiketi kwa mashini yake, akashuka nayo polepole.

"Printa ya HR," akasema. "Ulijua."

"Nilijua, Mkubwa."

Hakuuliza kingine. Mwezi mzima wa notisi akanikabidhi kazi zake, paswadi za matawi, namba za mafundi wa Kisumu na Eldoret, kila kitu, bila kuficha hata moja. Ila hakuniita kijana wangu tena. Sai nikimpigia hachukui.

Marafiki zangu wengi wanasema nilitumiwa. Ati kampuni haikudai uaminifu wangu, ilidai kimya changu. Nawaelewa. Kampuni ilikuwa na nafasi ya kuwaambia hao watu mapema na ikachagua kalenda yake. Hiyo ni lawama yao, na siibebi.

Lakini fikiria upande wa pili. Kama ningesema, kesho yake ofisi nzima ingejua siri inatoka kwa mtu wa IT. Yule mama wa uhasibu asingenifungulia tena bila wasiwasi, na hana kosa lolote. Ule mlango si wangu na Mkubwa peke yetu. Kenya tuna Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018, ambayo kuingia kwa mashini ya mtu bila ruhusa inaweza kukutoza hadi shilingi milioni 5 ama miaka 3 ndani, ama vyote. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia. Mimi ruhusa ya kuingia nilikuwa nayo. Ila ruhusa ya printa si ruhusa ya siri, na hiyo alinifunza yeye mwenyewe.

Kwa hivyo ukiulizwa kama unaiweza hii kazi, usijibu na cheti. Vitu vya Windows utavishika kwa miezi mitatu. Jiulize kama unaweza kujua jambo la mtu unayempenda na ukae nalo.

Na ukiwa upande ule mwingine wa skrini: usikubali mtu uliyekuwa hujampigia wewe. Anayejiita wa benki na anataka uweke AnyDesk, kata simu. Funga M-Pesa, funga WhatsApp, funga kila kitu kabla hujatoa namba. Kaa hapo uangalie mausi mpaka atoke.

Ningekuwa pale tena leo, ningepanda ile ghorofa tena, na ningenyamaza tena. Bado inaniuma. Wewe ungemwambia?