Nilimhukumu Mwanangu kwa Kosa la Gari

Wazee walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba mjumbe huaminiwa kila mara. Somo hilo nililipata kwa aibu, mbele ya watoto wangu.

Naishi jirani na Mtabila, wilayani Kasulu, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Gari letu ni la mtumba kutoka Japani, la gia za otomatiki, nalo hutubebea maharage hadi mjini. Siku moja lilianza ukaidi: injini inanguruma, gia ya pili inakawia, na ikiingia, huingia kwa kishindo.

Fundi wa kwanza alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema gia boksi imekufa. Kununua nyingine kungemeza fedha zote tulizomwekea binti yetu kwa ajili ya masomo. Nikakumbuka kwamba kijana wangu mkubwa aliliendesha gari juma lililotangulia. Nikamwita mbele ya mama yake na wadogo zake, nikamwambia ameliua gari kwa ujana wake.

"Baba, mimi sikuliendesha vibaya," alijibu.

Sikumsikiliza. Kesho yake alihamia kwa bibi yake.

Mama watoto ndiye aliyenisihi nitafute fundi wa pili. Huyu aliuliza swali moja tu: gari liliguswa wapi karibuni? Nikakiri kwamba mimi mwenyewe nililipeleka kusafishwa njia ya hewa ya injini. Akafungua boneti, akanionyesha sensa ndogo iliyofungwa kwa skrubu mbili kando ya kibati kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta. Sensa hiyo hupokea umeme wa volti 5, kisha huipelekea kompyuta ya gari habari: karibu nusu volti mguu ukiwa umepumzika, na zaidi ya volti 4 ukikanyagwa hadi mwisho. Kwa habari hiyo kompyuta huamua gia ibadilike lini.

Yetu ilirudishwa upande. Mita ilisoma zaidi ya volti 1 hali mguu haujagusa mafuta, hivyo kompyuta ilidhani nakanyaga, ikachelewesha gia. Fundi alilegeza skrubu, akaizungusha taratibu hadi mita ikasoma kipimo cha gari lile, akakaza. Tulipanda mlima gia zikipokezana bila kishindo. (Magari mengi ya siku hizi hayana nafasi ya kuizungusha, sensa ikiharibika hubadilishwa.)

Jioni ile nilikwenda kwa mama yangu kumchukua kijana. Sikumwomba radhi njiani, tukiwa wawili. Nilingoja tufike nyumbani, nikaiomba mbele ya masikio yale yale yaliyosikia hukumu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Yamekwisha, Baba."

Ndugu msomaji, gia boksi ilisingiziwa, na mwanangu pia. Kabla hujahukumu, ipime kwanza habari uliyoletewa.