Folda ya Watoto

Kaka yangu ndiye aliyenitia kwenye metali, na ndiye tuliyebishana sana juu ya metali hiyo hiyo. Nilipoanza chuo alinipa flashi yenye folda mbili. Moja aliiandika MUZIKI, nyingine WATOTO. Ya kwanza ilikuwa Dream Theater tupu. Ya pili ilikuwa na Helloween, Blind Guardian na wenzao wa pawa metali. Mimi nikapenda ya watoto.

Kwake yeye, bendi ni wale vijana watatu waliokutana chuo cha muziki cha Berklee, Boston, mwaka 1985. Alikuwa akinikalisha na Images and Words ya 1992, anagonga meza akihesabu mapigo moja mpaka saba. "Umesikia? Saba, siyo nne!" Nimesikia, kaka. Sikatai kwamba wanajua. Hata leo Awake ya 1994 naiona ndiyo albamu yao bora, na sababu ni Kevin Moore, mpiga kinanda aliyejua kunyamaza. Aliondoka kabla haijatoka, na nadhani tangu hapo walikosa mtu wa kuwaambia "inatosha". The Astonishing ya 2016 inapita saa mbili. Saa mbili, jamani! Niliimaliza mara moja tu, kama mtu anayemaliza sahani ya ugenini kwa heshima.

Pawa metali inachekwa kwa mapanga yake, mazimwi yake, na waimbaji wanaopaza sauti kama wamekanyagwa mguu. Zipo bendi zinazostahili kuchekwa, nyingi tu. Lakini Nightfall in Middle-Earth ya Blind Guardian, ya mwaka 1998, ndiyo iliyonipeleka kuitafuta The Silmarillion ya Tolkien maktaba. Hansi Kürsch aliacha kupiga besi ili aimbe tu, na sauti yake ikapangwa juu ya sauti yake mpaka mtu mmoja akawa kijiji kizima. Wafalme wanaapa, kisha kiapo kinawala wenyewe pamoja na watoto wao. Aliyesoma tenzi shuleni hawezi kushangaa. Nilimuuliza kaka: Utenzi wa Tambuka nao una mapanga, mbona huuweki folda ya watoto? Akasema utenzi hauna magitaa yanayokimbizana.

Tulikubaliana kwa bendi mbili. Symphony X wa New Jersey, waliomchukua Homer wakafanya wimbo wa dakika 24 kwenye The Odyssey ya 2002, bila kuchosha. Na Angra wa Brazil, ambao Holy Land yao ya 1996 ina ngoma za kwao, siyo za kuazima Ujerumani. Andre Matos, aliyeiimba, alifariki Juni 2019. Kaka alinipigia usiku ule tukaongea mpaka salio likaisha.

Baba alifariki Septemba mwaka huo huo, tukagombania kiwanja. Maneno tuliyoambiana mbele ya wajomba sitayaandika hapa. Tukakaa miaka minne bila simu.

Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Mike Portnoy anarudi Dream Theater, bendi aliyoiacha 2010. Nilikuwa zamu ya usiku, nahariri habari ya bei ya mahindi. Nikamtumia kaka kiungo, bila salamu wala neno. Alijibu baada ya siku mbili: "Miaka kumi na tatu. We bado unasikiliza folda ile?"

Nikajibu: bado.

Parasomnia ilipotoka Februari 2025 nilikwenda kwake tukaisikiliza sebuleni. Mimi niliona nusu ni muziki, nusu ni mazoezi ya vidole. Yeye akasema sina masikio. Kiwanja hakuna aliyekitaja, na kesi bado iko baraza la ardhi. Wimbo wa mwisho unakaribia dakika 20, na tulikuwa katikati yake shemeji alipokuja kutuambia chakula kinapoa.