Bukavu: Aliomba mboga tu, akaletewa samaki

Kwenye mitelemko ya Bukavu inayotazama ziwa Kivu, mikahawa kadhaa imejipamba kama visiwa vya mbali. Paa ni la majani, viti ni vya mianzi, kuta zimechorwa kasuku, mananasi na minazi, na juisi inaletwa na mwavuli mdogo wa karatasi. Panapendeza, na watu wanapenda kupigia picha pale. Lakini mnazi si mti wa Bukavu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni anayekaa karibu na maji anatafuta koti.

Jumamosi moja, mwalimu wa shule ya msingi aliingia katika mkahawa wa aina hiyo pamoja na wenzake sita. Walikuwa wamechanga pesa ili kumuaga mwenzao anayestaafu. Mwalimu huyo hali nyama wala samaki. Si dini, si ugonjwa. Alipokuwa mtoto kijijini, upande wa Kabare, mbuzi aliyemchunga mwenyewe alichinjwa kwa ajili ya wageni. Tangu siku ile nyama haikupita tena kooni mwake. Nyumbani kwao walishazoea.

Menyu ilikuwa ndefu: mishikaki ya mbuzi, kuku, tilapia, sambaza za kukaanga. Alimwita kijana anayehudumia, akamwambia: "Mimi, mdogo wangu, nakula mboga tu." Kijana akaitika vizuri, akaenda. Baada ya nusu saa alirudi na bugali, na pembeni tilapia mzima.

Kijana hakufanya ubaya. Katika Kiswahili cha Kivu, mboga ni chochote kinachosindikiza bugali. Mtoto akiuliza mboga ya leo ni nini, mama anaweza kujibu maharagi, anaweza kujibu nyama ya ng'ombe. Anayetaka majani na maharagi peke yake hana neno fupi la kujieleza. Lazima ahesabu kimoja kimoja asichokula.

Basi akahesabu: nyama hapana, kuku hapana, samaki hapana. Kijana akafikiri, kisha akasema: "Sombe iko, dada. Hapana nyama ndani, iko ndagala tu."

Meza nzima ikacheka. Mmoja akauliza kama amekuwa Mwadventista. Mwingine akamwinamia na kumnong'oneza kwamba kama shida ni pesa, atamkopesha. Hilo ndilo lililomuuma.

Kwa familia nyingi za Bukavu, kukaa bila nyama si uchaguzi, ni ukosefu. Aliyekula maharagi wiki nzima kwa sababu hakuna kingine, siku akifika mkahawani anataka nyama, na ana haki. Kwa hiyo anayeomba maharagi mbele ya menyu ya nyama anaonekana anaficha mfuko mtupu, au anadharau mchango wa wenzake.

Mama mpishi alitoka mwenyewe kuuliza nani amerudisha samaki. Aliposikiliza, alirudi jikoni, akaja na maharagi yaliyopikwa kwa mawese, lengalenga yenye nyanya na vitunguu, na ndizi za kuchemsha. "Lakini mwanangu," alisema, "hiki ni chakula chetu sisi wafanyakazi. Hatukiuzi." Mwalimu alikula akashiba, na wenzake wawili waliomba kuonja.

Wakati wa kulipa, meneja hakujua aandike nini. Akaandika bei ya tilapia. Alipoulizwa kwa nini vyakula hivyo haviko kwenye menyu, alijibu kwamba hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake kuja kulipia sombe.

Hoja yake ina uzito, lakini haijamaliza. Sombe ni kazi. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, hivyo lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, na mjini si kila mtu ana kinu, nafasi au makaa ya kutosha. Anayerudi kazini usiku anaweza kuilipia kwa furaha, kama imepikwa na anayeijua.

Tena menyu si kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Sambaza, ambazo leo mgeni haondoki Bukavu bila kuzionja, hazikuwa za ziwa Kivu. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zimepata nafasi kwenye meza kwa sababu kuna watu waliozivua, wakazikaanga na kuziuza.

Utamu wa nchi ya joto hauko mbali, haina haja ya kuuchora ukutani. Uko katika soko la Kadutu: maharagi, lengalenga, parachichi na ndizi kutoka vijiji vya milimani, na mawese yanayopanda kutoka mabonde ya joto kama Fizi.

Wenye mikahawa hawaombwi kuacha mishikaki. Wanaombwa mstari mmoja kwenye menyu, chungu kimoja kisicho na ndagala, na bei iliyoandikwa wazi. Hapo asiyekula nyama ataagiza bila kujitetea mbele ya wenzake, na mama mpishi atauza kwa fahari chakula ambacho leo anakila nyuma ya ukuta wa kasuku.