Shimo Lisilojaa: Barua kwa Mwanangu Mhandisi

Kibokoni,
Mji wa Kale,
Mombasa.

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Dada yangu, mamako, magoti yameanza kupata nafuu. Jana alishuka ngazi mwenyewe akakaa barazani hadi magharibi.

Siku ile ulipoleta cheti chako cha usajili uliniona nimekishika muda mrefu bila kusema neno. Nilikuwa nawakumbuka waliotangulia. Katika ukoo wetu wamepita maseremala wa majahazi na wachoma chokaa. Mimi nilisomea ufundi mchundo pale Tudor, wakati Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilipokuwa bado kikiitwa Mombasa Polytechnic, nikafanya kazi ya mifereji na mabomba hadi nilipostaafu. Lakini mhandisi mwenye jina katika daftari la Bodi ya Wahandisi Kenya, na muhuri wake mwenyewe, hatukuwa naye mpaka ulipopatikana wewe. Mungu akutilie baraka.

Siku hiyohiyo ulisema neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo. Ulisema mafunzo ya kuendeleza taaluma, ambayo Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inawataka myapate ili leseni zenu zihuishwe, yamekuwa mzigo. Na kwamba ya mazingira ndiyo mepesi kuliko yote: mtu huketi, hunywa chai, hutia sahihi, akapata alama zake akaondoka. Hukulisema kwa ubaya. Sikutaka kukujibu mbele ya wageni. Sasa nakujibu, na nakuomba usome polepole.

Unaijua nyumba yetu. Nyumba nyingi za mtaa huu zilisimama kabla ya kuwako bomba lolote la maji taka, kwa hiyo kila nyumba ina shimo lake lililochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe. Tangu utotoni nilisikia wazee wakiyasifia mashimo hayo: shimo la fulani ni zuri, miaka thelathini halijapata kujaa. Nami nikilisifia letu. Nilipokwenda kusoma ndipo mwalimu alipotuuliza swali moja: kama kinaingia kila siku na halijai, kinakwenda wapi? Darasa zima tulinyamaza. Jiwe la matumbawe lina matundu. Kilichoingia shimoni hupenya taratibu hadi kisimani kwa jirani, na kinachosalia huteremka baharini. Shimo lile tulilolisifia lilikuwa likimwagika chini kwa chini, na sisi tukichota maji ya kisima hatua chache kutoka hapo. Hadi leo sehemu kubwa ya kisiwa hiki haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na mashimo yangali yakisifiwa kwa kutojaa.

Mwanangu, ilmu yote ya mazingira kwa mhandisi imo ndani ya swali hilo: kinakwenda wapi? Maji ya mvua uliyoyaondoa barabarani, moshi uliouinua kwa dohani, mchanga ulioukomba bandarini, vyote vimehamia mahali penye watu na viumbe. Kazi yako haiishii kwenye mpaka wa kiwanja ulichopewa.

Mimi swali hilo nililisahau mara moja, na nataka uijue habari hiyo kutoka kinywani mwangu. Katika miaka ya 1980 ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilinipa kuchora mfereji wa kutoa maji ya mvua vichochoroni hadi pwani. Nikachora vizuri, mteremko sawa, vipimo sawa. Kimo cha bahari nilikitoa kwenye ramani ya zamani, nacho kilikuwa kimo cha wastani. Siku tulipokuwa tukipima, mvuvi mmoja mzee alisimama akatutazama, kisha akaniambia: bamvua ikikutana na mvua ya masika, maji haya yatawarudia. Nikamshukuru kwa adabu, nikaendelea na kazi yangu. Mkubwa wangu akatia sahihi bila kuuliza, na mfereji ukajengwa.

Hapa kwetu, bamvua ikija, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Mdomo wa mfereji wangu ulikuwa chini ya maji ya bamvua, na haukuwa na kifuniko cha kuizuia bahari isiingie. Masika ya kwanza mvua ilinyesha usiku kucha, bahari ikajaa alfajiri, na maji yote yakakosa pa kutokea. Yakarudi vichochoroni yamechanganyika na yaliyotoka mashimoni, yakaingia nyumba za chini. Katika nyumba moja mjukuu wa bibi mmoja aliugua kuhara wiki ile. Alipona, alhamdulillahi. Daktari hakuniambia kwamba ni maji yale, lakini mimi nilijua nilichokichora. Nilikwenda kwa bibi yule kumwomba radhi, akanisamehe. Yule mvuvi nilimtafuta baadaye, akaniketisha ufuoni akanifundisha kuhesabu maji kwa mwezi: bamvua ni lini, maji mafu ni lini, kusi likivuma bahari hufanya nini. Hayo ndiyo mafunzo ya kwanza ya kuendeleza taaluma niliyopata, na hayakuwa na alama wala cheti.

Usidhani ni makosa ya wadogo peke yao. Tazama Makupa. Kisiwa chetu kimezungukwa na ghuba mbili, ya Tudor upande mmoja na ya Kilindini hadi Port Reitz upande wa pili, na maji yake yalikuwa yakikutana nyuma ya kisiwa. Enzi za Mwingereza wahandisi wakalijaza tuta pale ili reli na barabara zivuke hadi bara. Kwa kuvusha, tuta lile lilifanya kazi yake. Lakini lilifunga mkondo wa bahari, na pembeni yake likaja kukua jaa la Kibarani, taka zikimiminika hadi kwenye mikoko. Karibu karne nzima tumepita juu ya tuta hilo. Mwaka 2022 ndipo lilipofunguliwa daraja la Makupa, mita 457, na mojawapo ya sababu kubwa za kulijenga ilikuwa kuyapa maji njia yapite tena. Mabilioni ya shilingi yametumika ili bahari irudishiwe njia ambayo ilikuwa nayo.

Wahandisi wa tuta lile hawakuwa wajinga. Walifanya kwa ilmu ya siku zao. Na hiyo ndiyo sababu ya wewe kutakiwa kusoma kila mwaka: cheti chako kinashuhudia ulichokijua siku ulipokipata, na dunia haikusimama siku hiyo. Mimi nilipoanza kazi, hapakuwa na sheria ya kututaka tupime athari za mradi kwa mazingira kabla ya kuchimba. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999, kisha ikaundwa NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira. Mwaka 2010 Katiba, katika Ibara ya 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Ibara ya 70 ikamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hata kama yeye mwenyewe hajadhurika. Aliyeacha kusoma mwaka 1998 alibaki na sifa ileile na heshima ileile, lakini alikuwa hatari kwa watu.

Nenda pia Mikindani, kijiji cha Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa humo, na katika kazi zake za mwanzo alishughulikia tathmini ya mazingira. Ushauri uliotoka ni kwamba kiwanda hakikuwa mahali pake, lakini haukufuatwa. Baadaye mwanawe aliugua, ikabainika ana risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikawapa haki yao Desemba 2024. Pesa haziitoi risasi mwilini mwa mtoto. Fikiria ni wataalamu wangapi walipitisha karatasi za mahali kama hapo: wa jengo, wa tanuri, wa dohani, wa mitaro. Ingetosha mmoja wao kukataa kutia sahihi.

Sikuandikii haya ili nikutie hofu na kazi yako. Mombasa hii hii ina mifano ya kuigwa. Mwaka 1971 René Haller alikabidhiwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi iliyokwanguliwa hadi mwamba mweupe. Akapanda mivinje, na majani yake makavu yalipokataa kuoza akaleta jongoo wakayala, udongo ukaanza kupatikana. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Na hapa mtaani kwetu, tazama nyumba za zamani: jiwe la matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu ukiingia hutoka. Siku hizi watu hupiga lipu ya saruji juu yake, unyevu na chumvi vikafungiwa ndani, na baada ya masika kadhaa lipu inamomonyoka pamoja na jiwe. Babu zako wachoma chokaa waliyajua haya bila kuyaandika. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama kwa matumbawe na chokaa hadi leo. Saruji ina kazi zake, lakini utengenezaji wake duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mhandisi wa pwani asiyejua chokaa ana pengo, na ajitafutie mtu wa kumfundisha.

Sasa sikiliza nasaha zangu.

Ya kwanza, usichague mafunzo kwa wepesi wa alama. Chagua yale yanayogusa kazi iliyo mezani kwako mwaka huu. Ukiwa na kazi ya mifereji, soma habari za mawimbi na kupanda kwa bahari. Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ipo hapo ng'ambo Mkomani. Wapigie hodi. Ukiwa ndani ya ukumbi wa mafunzo, uliza maswali. Na mkufunzi akisema jambo ambalo hulioni likitokea hapa kwetu, mwombe akueleze.

Ya pili, walimu wako wasiwe wenye digrii peke yao. Mvuvi, mama anayechota maji kisimani, mzibuaji wa mitaro na fundi wa chokaa wana ilmu ambayo haijaingia vitabuni. Kabla ya kuchora, kaa nao siku nzima. Wakikwambia neno linalopingana na vipimo vyako, rudi ukapime tena. Usimshukuru mzee kwa adabu kisha ukampuuza, kama nilivyofanya mimi.

Ya tatu, ripoti ya athari kwa mazingira isome wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hata kama imeandikwa na mtaalamu mwenye leseni. Usikubali iwe karatasi ya kupitishia mradi. Ukiona imenakiliwa kutoka mradi mwingine, irudishe. Mwenye mradi akikwambia muda umekwisha, mwambie muhuri ni wako na utaulizwa wewe, duniani na akhera.

Ya nne, rudi ulikojenga. Uwe na daftari. Kila kazi uliyoimaliza, itembelee baada ya masika moja na baada ya miaka mitano, uandike kilichokwenda sawa na kilichoharibika. Kisha uwasomee vijana walio chini yako, na mafundi pia, maana mchoro mzuri huharibiwa na mtu ambaye hakuelezwa sababu yake.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utafanya kazi Nairobi, huenda utafika Muscat au London, lakini mwisho utarudi kuketi katika baraza hii, unywe maji ya mji huu, na watoto wako wataogelea katika bahari hii. Utakachokimwaga ndicho kitakachokurudia.

Ninalo ombi moja tu. Katika kila mchoro, kabla ya kuushika muhuri, andika kwa mkono wako pembeni jibu la swali la mwalimu wangu: kinakwenda wapi? Ukikosa jibu, usitie muhuri. Nenda kasome, kisha urudi.

Wasalaam,

Mjomba wako akupendaye.