Maji Yaliyopita Chini ya Daraja

Juzi, nikiwa mgeni nyumbani kwa kaka yangu huko Majengo, Pumwani, mwanawe alinijia na daftari. "Shangazi, Waingereza wanaposema jambo ni maji yaliyopita chini ya daraja, wana maana gani?" Nikamjibu upesi kwamba ni kama sisi tusemavyo: yaliyopita si ndwele. Mamake alikuwa jikoni akikaanga bajia. Nikasikia mwiko umetulia.

Wifi yangu huuza nguo za mitumba Gikomba, karibu na Mto Nairobi. Mapema mwaka 2018 nilimpelekea kutoka Mombasa fedha za marobota mawili ya nguo za watoto, tugawane faida. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, sikuona hata shilingi. Kisha alfajiri ya tarehe 28 Juni soko likaungua. Watu 15 wakafariki na makumi wakajeruhiwa. Nilimpigia simu asubuhi ile. Sikumuuliza kama yu mzima. Niliuliza marobota.

Tangu hapo tulikuwa tukisalimiana kwa ajili ya kaka yangu tu.

Alasiri wifi aliniomba nimsindikize sokoni. Tulipofika darajani nikasimama kuangalia. Maji yalikuwa yakipita, kweli, lakini matambara na mifuko ilikuwa imenasa kwenye mawe, na harufu yake wakazi wa Gikomba waijua. Nadhani aliyetunga msemo ule alikuwa na mto safi. Wazee wetu waliongeza neno: tugange yajayo. Na mganga hagangi asipouliza panapouma.

Nikasema, "Wifi, siku ile ya moto nilikuuliza mali kabla ya kukuuliza nafsi yako. Niwie radhi."

Alinyamaza hata mkokoteni ukatupita. Ndipo akanieleza kwamba robota moja alikwisha kuliuza kabla ya moto, fedha akalipia karo, akaona haya kuniambia. La pili liliteketea likiwa halijafunguliwa. Miaka yote amekuwa akijihesabia deni la yote mawili.

Hapo nami nikaona kosa langu jingine. Mapatano yetu yalikuwa ya mudharaba, na katika mudharaba mtaji ukiangamia pasi na uzembe wa mwenye kuufanyia kazi, hasara ni ya mwenye mtaji. Robota lililoungua lilikuwa langu kulipoteza, nami nilimwacha alibebe. Hilo la karo ni deni. Na Suratul-Baqara, aya ya 280, yaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Nikamwambia alipe kadiri atakavyojaaliwa.

Akafungua mkoba palepale, akanihesabia shilingi 500. Nilitaka kumrudishia. Nilipomtazama usoni nikazipokea, nikazifunga kwenye pindo la leso, tukaingia sokoni.

Mtoto bado angojea jibu la daftari lake.