Maktaba Haitakufa, Swali ni Nani Ataingia

Nikitaja maktaba kwa marafiki zangu, lazima mmoja aulize: "Kwani bado kuna watu huenda huko?" Namwelewa. Simu yake inaweza kubeba vitabu kuliko rafu zote za mtaa wetu, na akili unde itamfupishia riwaya kabla chai haijapoa. Sasa maktaba ya nini?

Jibu langu ni rahisi. Simu inabeba vitabu, lakini haibebi meza. Haibebi stima wala utulivu. Kama mnaishi watu watano kwa chumba kimoja na redio ya jirani ni kama iko kwenu, unajua nasema nini. Na hapa Nairobi ukitaka waifai na kiti, nunua kahawa. Kikombe kikiisha, mhudumu anaanza kukuzunguka. Ni mahali pangapi mjini mtu anaweza kukaa kutwa bila kuulizwa anaagiza nini?

Halafu, nani alisema maktaba ni jengo? Mwaka 1996 Huduma za Maktaba za Kitaifa zilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa sababu wafugaji huhama na barabara ni shida. Vitabu vilifuata wasomaji. Hiyo kwangu ndiyo maana ya maktaba: kumfikia mtu pale alipo na kile anachoweza kutumia.

Kwa hivyo mashine haziniogopeshi. Kinachoniogopesha ni mlango. Maktaba ya McMillan, ile ya simba wawili pale Banda Street, ilifunguliwa 1931. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vitabu vilikuwepo, viti vilikuwepo, ruhusa ndiyo haikuwepo. Leo hakuna anayekuangalia rangi pale mlangoni. Lakini maktaba zote zikihamia mtandaoni, mlango utakuwa bando. Utakuwa nenosiri, malipo ya kila mwezi, simu yenye nafasi ya kutosha. Kijana asiye na hizo atabaki nje vilevile, na safari hii hakutakuwa hata na simba wa kupiga nao picha.

Ndiyo maana napenda kazi ya Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Wamekarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, huku Eastlands, ambako watu wengi walishazoea kuambiwa vitu vizuri viko ng'ambo ya mji.

Maktaba ya kesho ninayoiona mimi iko mtaani, si mjini tu. Ina kompyuta, ina intaneti ya bure, ina chumba cha kurekodi podikasti, na ina vitabu vya Kiswahili, Kikamba na Kisomali. Ina mkutubi wa kukusaidia kujua kama kile akili unde imekuambia ni kweli ama imekutungia tu. Na inafungwa saa nne usiku, kwa sababu wengi wetu tunatoka kazini jioni.

Hiyo si ndoto kubwa. Ni bajeti ya kaunti na watu wa kuidai. MCA wako akija kuomba kura, usimuulize barabara peke yake. Muulize pia: maktaba yetu iko wapi, na inafungwa saa ngapi?